Mpaka wa Ithembo Nilioonyesha Mimi

Tangu wiki jana chakula hakipiti kooni. Watu wa kaunti walikuja huku Mutomo kuweka mpaka wa ithembo, kile kichaka ambapo mama zetu walimwaga uji kuomba mvua. Ndani ya mpaka hakuna kujenga. Mwanangu Muthama alikuwa ameuza ng'ombe wote, akachimba msingi wa nyumba karibu hapo.

Afisa akauliza nani anajua miti ya maombi. Nikainua mkono mbio kama mtoto wa shule.

"Hapa alimwaga Kalekye. Hapa Syombua. Hapa Mbithe, mama yangu."

Watu wakapiga makofi. "Susu ni kompyuta!" Yaani mimi, nyanya yao.

Mimi mjinga nikavimba kichwa. Nikaendelea kutembea, macho chini, nikifuata majina, afisa nyuma yangu akipaka alama za mpaka kwa rangi nyeupe.

"Na hapa palikuwa na mkuyu, ulikatwa zamani. Alimwaga Nduku, shangazi yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikainua macho. Muthama alikuwa ameshika kichwa. Mke wake, Mwende, akaniambia polepole:

"Mama, hapo umesimama ni jikoni kwangu."

Afisa alikuwa ameshapaka.