Kilo Saba na Mkia Wake

Mpima watoto wa zahanati hukipangusa kikokotoo chake kama kioo cha bibi harusi, na mizani inaliwa na kutu. Kila mtoto humpima mara tatu, akajumlisha, akagawanya, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

"Saba nukta moja sita sita saba. Maziwa ya nyongeza mwisho kilo saba, mama. Huyu kapita, hapati."

Mama mtu akawaka, mtoto mbavu nje.

"Bwana we! Mizani yako ina mistari ya nusu kilo tu. Huo mkia umeutoa wapi?"

"Kikokotoo hakidanganyi."

Mama akamtoa mtoto, akaupuliza mfuko mtupu unaoning'inia kwenye mizani, mshale ukatikisika.

"Haya, pima na pumzi zangu! Usiache nukta!"

Mpima akakohoa, akavuta kikokotoo, akaanza kubonyeza.