Steringi Asiyejua Anachotaka

Filamu ya vita naielewa hata ukiniondolea sauti. Mbaya anaua mke wa steringi, steringi anakasirika, kuta zinavunjwa, mbaya anakufa, watu wanarudi nyumbani wameridhika. Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, imekuwa hiyo: kukaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, ndani ya jumba la video nililolijenga mwenyewe kwa miti, udongo na mabati, nikiwafasiria watu filamu kwa Kiswahili chetu cha Kivu. Kiingereza nilikiokota Mbarara, nilipokuwa nauza mihogo mikavu kwa wake za askari pale kambini Makenke. Kwa hiyo Kiingereza changu ni cha bei na matusi. Shule nilisoma miaka mitatu. Wa nne sikuuona. Yaliyobaki nilikuwa nayasoma kwenye nyuso za watu, na uso uliponishinda nilitia maneno yangu. Hakuna aliyelalamika. Mtu mmoja aliyeiona filamu ileile mjini alirudi akaniambia ya kwangu ndiyo nzuri.

Halafu vijana wakaanza kuomba kitu kingine.

"Mzee, utuletee zile za vijana."

"Vijana wanafanya nini?"

"Wanatafuta maisha."

Nikafurahi. Nikasema hao ni watu wangu, maana mimi maisha niliyatafuta kwa jembe, kwa kichwa na kwa miguu. Nikaenda Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwa muuzaji wangu wa filamu, akanijazia flashi nzima.

Mungu wangu! Naweza kukueleza zote kwa mara moja, usipoteze siku yako. Kijana amemaliza shule. Ana chumba chake peke yake, ana kitanda ambacho kwetu kingelaza watu wanne, na mara nyingi ana gari. Lakini ana huzuni. Anakwenda dirishani. Nje mvua inanyesha. Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha mtu anakimbilia mbegu za maharagwe. Yeye anaitazama tu, na kinanda kinalia. Kwanza sikujua kinanda kiko wapi, maana chumbani hakimo. Baadaye nikaelewa kwamba kinanda ndiyo mawazo yake. Mama anagonga mlango kuuliza kama amekula. Anajibiwa vibaya, na mama ndiye anayeomba msamaha! Kisha kuna karamu, kuna mtu anaingia kwenye maji na nguo zake zote, kuna kulia. Hakuna anayeteka maji, hakuna anayepalilia, hata kuku hapiti. Na mwisho wake ndio wa kumtia mtu wazimu: kijana anapanda basi, anatazama mbele, majina ya waliotengeneza filamu yanaanza kupanda juu. Basi linakwenda wapi? Hatuambiwi.

Siku ya kwanza watu wote walinigeukia mimi. "Mzee, umeikata?" Mimi mwenyewe nilidhani flashi imekufa. Tangu hapo nikawa nazimalizia kwa mdomo wangu, majina yale yakiendelea kupanda: "Sasa anafika kwa mjomba wake, anapewa shamba, analima viazi, anaoa." Watu wakapiga makofi. Filamu isiyo na mwisho ni bugali ulioipuliwa ungali uji. Mgeni humwekei chakula hicho.

Na nitasema jambo jingine, hata kama halitapendeza. Wengi wetu hapa tunaishi ndani ya filamu hiyohiyo. Tuna watu wenye ndevu nyeupe ambao tangu wavuke mpaka wanangoja simu ya kuwaita Amerika, na kwa ajili ya simu hiyo mtu hapandi hata mti mmoja wa parachichi. "Nimupandie nani, na mimi niko naondoka?" Mti wa jirani yake umezaa mara ngapi, na yeye anakwenda kuomba matunda. Huyo naye hajui anakokwenda. Anachokosa ni kinanda tu.

Basi, nilikuwa na ukali wote huo tayari siku jambo lenyewe lilipoingia nyumbani kwangu. Kitinda mimba wangu, binti, alimaliza kidato cha sita, wa kwanza katika ukoo wetu. Shirika moja likatangaza nafasi za kusomea kazi Mbarara. Mimi nikaipeleka fomu kwa katekista, akaijaza nilivyomwambia: uuguzi. Binti alitia sahihi tu. Nafasi ikapatikana, uuguzi kweli, na barua ikasema afike mwenyewe ofisini Kamukuzi kabla ya Ijumaa saa sita mchana kuikubali, la sivyo apewe mwingine. Barua tuliipata Jumatatu.

"Unakwenda lini?" nikamwuliza.

"Bado sijue, papa."

Jumanne hajui. Jumatano nikamkuta ameketi mlangoni anatazama mvua. Mungu ananiona, nilikisikia kinanda.

"Umekataa ile nafasi?"

"Sijakataa."

"Umeikubali?"

"Sijasema vile."

"Basi uko fasi gani?"

"Niko hapa, papa."

Mama yake alicheka huko ndani. Mimi sikucheka.

Alhamisi mchana niliweka kwa makusudi moja ya zile filamu za vijana, nikijua kwamba binti atakuja. Jumba likajaa. Ikafika mahali ambapo baba, mtu mnene, anasimama mlangoni mwa chumba cha binti yake. Binti yuko kitandani, anamtazama tu. Baba anavua miwani, anaongea kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Nikakivuta kipaza sauti, nikampa maneno:

"Wewe mutoto! Nilikuzaa, nikakulisha, nikavuka muto na wewe ku mugongo, na leo unaniangalia kama mbuzi? Kesho unakwenda ku ile kazi, ao unatoka mu nyumba yangu!"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Majirani wote walijua nasema na nani.

Binti yangu alikuwa nyuma kabisa. Akasimama.

"Papa, hakusema vile."

Kicheko kikakatika. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kunisahihisha ndani ya jumba langu.

"Alisema nini basi, mwalimu?" nikamwuliza kwenye kipaza sauti, ili watu wacheke tena. Walicheka wachache.

"Alisema: 'Ile kazi nilikuchagulia, ni mimi niliitaka zamani. Nilisahau kukuuliza.'"

Mpaka leo sijui kama yule mnene alisema hivyo kweli. Huenda binti naye alimtilia maneno. Ni damu yangu. Nikakizima kipaza sauti. Watu wakapiga kelele, "Mzee, fasiri!" Nikawaambia wana macho, waangalie. Binti alikuwa ameshatoka; nikamfuata hadi kando ya jumba.

"Haya. Unataka nini?"

Niseme ukweli: swali hilo nimewauliza wateja na askari, nimewauliza hata wezi shambani kwangu. Yeye sikumbuki kama nilikuwa nimemwuliza.

"Kuosha vidonda, hapana. Mutu akilia mbele yangu, na mimi nalia. Lakini napenda kujua ni nini iko inamuuwa."

"Na hiyo ni kazi gani?"

"Maabara. Sijue kama batanikubali."

"Mbona hukusema tangu Jumatatu?"

"Ulisema mingi, papa. Mimi ningesemea wapi?"

Ijumaa mapema tulikwenda Mbarara, sisi wawili. Kamukuzi mlinzi akanizuia getini, mtu aliyesimama kama askari mstaafu.

"Wewe mzee, kaa hapo. Mwenye barua ndio anaingia."

"Mimi ni baba yake."

"Barua iko na jina yako?"

Haikuwa nalo. Nikakaa juani na kofia magotini, mimi niliyeijazisha fomu yote. Sikujua angetoka na nini: uuguzi, maabara, au mikono mitupu. Na angetoka mikono mitupu, ni mimi niliyemwambia asubuhi ile, kabla hatujapanda gari, akaseme analolitaka. Mlinzi alinipa kigoda. Nilikikataa, kisha nikakikalia.

Saa sita ilikuwa haijafika alipotoka.

"Balinigombeza," akasema. "Kisha bakabadilisha. Kuna mutu wa maabara hakufika. Naanza mwezi unaokuja."

Mtu wa umri wangu hawezi kushangilia barabarani.

"Kwa hiyo," nikasema, "nimekusomesha miaka yote hii ili ushinde unaangalia mavi ya watu kwenye kioo."

"Ndiyo, papa," akasema. "Na nitaanza na yako."