King'ora Kilichowaita Watu Mtoni

Saa mbili asubuhi, Mama Kelele anaweka kiganja karibu na kitufe chekundu na kuchungulia dirishani. Bondeni, chini ya ukuta wa bwawa, watu wanasubiri na vikapu.

"Leo kipige kweli hicho king'ora!" muuza samaki aliye chini ya dirisha anamtania. "Mlio wa juzi ulikuwa kikohozi cha kuku!"

"Samaki si wangu, shemeji. Mimi ni wa kelele tu."

Kazi yake ni kupiga king'ora kabla milango ya maji haijafunguliwa. Maji hushuka, yakipungua huacha samaki madimbwini, na bonde zima hukimbilia mtoni. Ndivyo ilivyo tangu enzi za bibi yake.

Na ndivyo bibi yake alivyokufa.

Wakati wa vita, ndege zilishambulia bwawa siku kadhaa, ukuta usitikisike. Watu wakaizoea milipuko. Ukuta ulipopasuka, mlinzi alipiga king'ora kuwaonya. Hakuwa na mlio mwingine. Bondeni wakadhani milango imefunguliwa. Wakabeba vikapu, wakashuka.

"Kikapu changu kilitoboka," anasimulia baba yake Mama Kelele, ambaye wakati huo alikuwa mtoto. "Mama akaniambia, kaa hapa nyumbani ukishone kwanza. Nikashona. Nilipomaliza, sikuwa na wa kumwonyesha."

Ukuta ulijengwa upya. King'ora kikabaki na mlio ule ule, wa samaki na wa hatari. Kwa miaka mingi Mama Kelele amewaomba wakubwa wake mlio wa pili, wakamjibu, "Watu wameshazoea." Kwani si mazoea hayo hayo yaliyoua?

Hatimaye wamekubali jaribio moja. Watu wakipanda kilima, mlio mpya utabaki. Wakishuka, basi.

Amepita nyumba kwa nyumba akifundisha: "Mlio mrefu, shuka. Wa kukatika-katika, panda, hata kama sufuria iko motoni." Siku ya jaribio hakuitaja.

Ni leo. Anabonyeza, anaachia, anabonyeza tena. Mlio unakatika-katika.

Muuza samaki anatimka kuelekea mtoni. Wengine wanamfuata. Mama Kelele anafumba macho.

"Wee! Huko siko!" mwanamke mmoja anamdaka shati. "Huu ni wa kupanda!"

Muuza samaki anasimama. Anasikiliza. Anageuka, na kundi zima linageuka naye, vikapu vitupu vikigongana kilimani.

"Umetunyima kitoweo, mchawi we!" muuza samaki anamfokea Mama Kelele akiwa juu, akihema. Kilima kizima kinacheka.

Mama Kelele naye anacheka huku akijifuta machozi. Baba yake, aliyekaa naye chumbani tangu asubuhi, amemshika mkono.

"Siku ya hatari yenyewe ikija," Mama Kelele anamwambia, "natamani nitukanwe hivi hivi. Kutoka kule juu kilimani."