Kutu Inayokula Hewa

Ninafanya kazi kwenye ghala la marumaru huko Al Quoz, huku Ghuba, na miaka ya kushika mawe imenipa tabia ya kuyaeleza kwa yeyote atakayesimama kunisikiliza. Jumapili ile walisimama wawili: dada yangu, anayesafisha vyumba hotelini Al Rigga, na mumewe, mlinzi wa jengo moja la Marina. Siku zao za mapumziko hukutana kwa nadra, kwa hiyo tulikodi gari tukapanda milimani, kupita Hatta, hadi kwenye mgodi mdogo wa shaba ulioachwa zamani sana.

Niliwaonyesha kwanza mawe meusi ya mviringo, yaliyorundikana kama mito ya kulalia.

"Hapa palikuwa chini ya bahari," niliwaambia. "Mwamba ulioyeyuka ulitoka ardhini, ukakutana na maji baridi, ukaganda hivi. Baadaye maji ya moto yakapenya kwenye nyufa, yakaacha shaba, chuma na salfa. Kisha sakafu yote ya bahari ikasukumwa juu polepole, ikawa mlima."

"Kumbe tumekuja pwani," dada akasema, huku akijifuta vumbi usoni.

Juu ya kilima kulikuwa na ganda jekundu. Niliwaeleza kuwa ni kutu ya chuma, na kwamba wachimbaji wa kale walifuata rangi hiyo: palipo na wekundu juu na madoa ya kijani pembeni, shaba haiko mbali. Chini, kando ya bonde kavu, yalilala mabaki ya tanuri zao za kuyeyushia shaba, mazito na meusi kama chupa iliyoyeyuka. Shemeji aliokota jiwe lenye vimeta vya manjano. Kabla ya kuja Ghuba alichimba dhahabu Migori.

"Hii si dhahabu, shem," akasema kabla sijafungua mdomo. "Hii imetudanganya sana kwetu."

Nilifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Nilimwambia jiwe lile ni chuma na salfa tu, na kwamba mwamba mzima wa mgodi ule umejaa vimeta hivyo.

Ndipo tukafika kwenye mdomo wa shimo. Lilikuwa pana kiasi cha mtu kupita ameinama, na lilishuka. Shemeji alichukua jiwe, akagonga paa, akatega sikio, akagonga tena hatua moja mbele. Kwao shimo huchimbwa kwenye udongo, huzuiwa kwa magogo, na kinachoua ni paa kuporomoka. Hapa mwamba ulilia kama kengele.

"Hii ni nyumba ya simiti," akasema. "Dakika mbili tu."

Aliwasha tochi ya simu akaingia. Nilimwomba anitajie rangi anazoziona, nami nimweleze akiwa humo humo.

"Nyekundu."

"Kutu."

"Kijani. Kijani tupu, shem, kama jani! Na maji yanatiririka ukutani."

"Hiyo ni shaba iliyokutana na hewa na unyevu. Na mvua ilinyesha juzi."

"Njano." Kokoto zikasikika akishuka zaidi. Kisha, kutoka chini kabisa, "Njano," tena, na kicheko.

Dada aligeuka kunitazama. "Hivyo sivyo anavyocheka," akasema.

Nilimwita. Alijibu kwamba amepumzika kidogo, mahali ni pazuri, kuna baridi. Maneno yake yalikuwa yanaburuta miguu. Hapo mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Mawe yale ya vimeta yakilowa hushika kutu, na kutu hutengenezwa kwa oksijeni. Ukuta mzima mle chini ulikuwa unavuta pumzi, na upepo haufiki kuirudisha. Hewa ya namna hiyo haina harufu wala haichomi. Mtu huona raha, halafu hulala.

Dada alikuwa ameshainama kuingia. Nilimshika mkono kwa nguvu zote.

"Niache!"

"Ukiingia mtalala wawili. Nikifuata, watatu. Lazima atoke kwa miguu yake. Mseme vibaya, akasirike, ainuke!"

Simu zetu hazikuwa na mtandao, na barabara ilikuwa tupu. Sauti ndiyo pekee iliyoweza kumfikia. Dada alivuta pumzi, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Kumbe ni kweli wanayosema! Mlinzi wa kukaa! Kutwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, unalipwa kwa kukaa!"

Nilitega sikio kwenye mdomo wa shimo.

"Nani... nani amekaa?" ilisikika, taratibu. "Sisi hatupewi kiti."

"Unakaa! Hata sasa umekaa!"

"Sijakaa."

"Simama basi! Njoo unieleze hapa usoni kwangu, kama wewe ni mwanaume!"

Tulisikia kokoto zikisogea. Zikanyamaza. Dada akamtukana tena, sasa machozi yakimtiririka, akamtajia madam wa orofa ya juu, kwenye jengo analolinda, anayemtuma kama mtoto. Kokoto zikasogea tena. Alipotokea kwenye mwanga alikuwa akitambaa, midomo yake rangi ya majivu. Tulimvuta kwa mikono yote minne, akatapika juu ya viatu vyangu, nami sijawahi kushukuru hivyo.

Tulimlaza kwenye upepo hadi rangi ikamrudia, kisha tukashuka tukitafuta hospitali. Njiani alitaka kujua kwa nini tulikuwa tunapiga kelele.

"Nilikuwa natoka tu. Wiki ijayo turudi na tochi nzuri."

"Ulikaa chini," dada akamwambia. "Ulikuwa umekaa."

"Mimi? Sikukaa."

Nilimweleza upya, polepole, kuhusu salfa, kutu na hewa. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za jirani. Dada aliweka kiganja kifuani pa mumewe, akakiacha hapo, akikitazama kikipanda na kushuka. Makalio ya suruali ya shemeji yalikuwa mekundu kwa kutu, na kiti cha gari pia.