Jeep ya Zawadi Ilitoa Siri Yangu ya Vita

Msimamizi wa kundi, naomba ulifunike jina langu. Wanaonijua watanitambua tu, lakini wengine wasinijue, maana nimefunuliwa vya kutosha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kindu, mashariki mwa Kongo. Mume wangu ni mfanyakazi wa reli, wazazi wake walitoka Kasai. Watu wanajua tuna watoto watatu. Mimi nimezaa wanne.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulijificha mashambani, tukitoka tu kwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo. Mama yetu alikuwa na sheria moja: njia uliyopita jana, leo usiipite. Siku moja nilichoka kuzunguka, nikapita njia ya jana, nikakamatwa. Nilirudi baada ya miezi, nikiwa na mimba ya mtu mwenye bunduki ambaye hata jina lake silijui. Alizaliwa msichana. Mama alimpeleka mbali, huko Tunda, kwa mwanamke aliyefiwa na mtoto wake, akaniambia, "Umusahau kabisa. Bila vile hautaolewa." Nikaolewa. Kusahau sikuweza.

Miaka miwili iliyopita yule mama wa Tunda alinitumia habari kwamba mtoto amehamia Kindu, anashona nguo chumbani mwake upande wa uwanja wa ndege. Nikaenda na kikwembe mkononi kama mteja. Alinipima mabega, akaniuliza kama nataka mikono mirefu au mifupi, nikamjibu mirefu, ili aendelee kunipima. Tangu hapo kila Alhamisi baada ya masomo nilimpelekea kitambaa. Kabati langu limejaa nguo ambazo sijazivaa hata mara moja. Kila wiki nilijiambia, nitamwambia wiki ijayo.

Mwaka jana mume wangu aliniletea jeep kutoka Lubumbashi. Ilifika juu ya wagoni ya treni, imetumika, lakini ina akili. Ndani wameweka kadi ndogo kama ya simu, wanaiita puce, na kampuni iliyoiuza inaona gari liko wapi, linakwenda mbio gani, limesimama saa ngapi. "Njo juu ya wezi," mume wangu alinieleza. Nilifurahi, jamani, nikacheza uani! Alisaini karatasi za Kifaransa, kurasa na kurasa. Hakuzisoma. Nami sikuzisoma, na mimi ni mwalimu.

Tena nilijiona mjanja. Nilifuata sheria ya mama: leo napitia sokoni, wiki ijayo kando ya reli, siku nyingine nazunguka kwa mto. Simu naiacha nyumbani. Jeep naisimamisha nyuma ya kanisa, maana mtaa ule hapo tu ndipo gari linaweza kugeuka, kisha natembea. Kumbe ujanja wenyewe ndio ulionichoma. Wakala wa kampuni anaimba kwaya moja na wifi yangu, dada wa mume wangu. Siku moja alimwambia akicheka, "Gari ya bibi ya kaka yako inazungukaka kama inakimbia muntu, halafu inaishia fasi moja tu." Wifi akamwomba, naye akamchapishia ramani ya miezi mitatu. Mimi hakuna aliyeniuliza neno. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi hiyo nilikuwa nimesimama mikono juu, napimwa kiuno. Wifi akaingia na mama wawili wa kwaya, karatasi mkononi; walinisubiri nyuma ya kanisa, wakanifuata kwa miguu.

"Mwanaume iko wapi?" Akavuta hadi pazia la kitanda. "Iko wapi?"

Nikamwambia hakuna mwanaume. Akanisukumia ramani usoni. "Na hii? Muntu wa haki anapita njia kumi kuenda fasi moja?" Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Akaniita malaya mbele yao. Hapo nikashindwa.

"Huyu njo mutoto yangu," nikasema. "Nilimuzaa wakati ya vita."

Binti yangu alikuwa bado ameshika utepe wa kupimia kiunoni mwangu. Akauachia.

"Miaka mbili unaniita fundi," alisema. "Miaka mbili! Leo unasema juu ya kujitetea?"

Neno hilo linaniua, kwa sababu ni kweli. Nilipaswa kumpa siri ile mimi mwenyewe, tumekaa wawili, nikiwa nimemwomba msamaha kwanza. Wao waliitoa ndani ya gari, wakaichapisha.

Nilimwendea yule wakala ofisini. Hakuona hata aibu. "Mama, magari yote tunaonaka. Bwana yako alisaini kama habari tunaweza kupatia washirika." Nikamuuliza, wifi yangu ni mshirika wenu wa kazi gani? Akageukia kompyuta yake.

Mume wangu hakunifukuza, nashukuru. Anaapa hajawahi hata kufungua ile programu ya kufuatilia gari kwenye simu yake. Lakini nilipomwomba tuing'oe puce, alinijibu, "Siri imekwisha, sasa inakusumbua nini?" Yaani nikifunuliwa mara moja, nibaki uchi maisha yote?

Binti yangu amebeba mashine yake ya kushonea, amerudi Tunda. Mume wangu anataka niende na jeep nimlete. Nikipanda pikipiki, anasema, atajua bado ninaficha kitu. Nami nilipokwenda kwa jirani wa binti yangu, nilikabidhiwa kikwembe changu cha mwisho, kimekunjwa vizuri, hakijakatwa. Ujumbe aliouacha ni huu: "Kama anataka kukuya huku Tunda, akuye. Ila ile gari isifike kwa mama yangu."

Amesema mama yangu, na hakunimaanisha mimi.

Ninyi msionijua, nishaurini. Nikienda na jeep, nawapeleka watu wa ofisi ile hadi mlangoni pa mwanamke aliyenilelea mwanangu. Nikienda kwa pikipiki, nahatarisha ndoa yangu. Nisipokwenda, nimemtupa mtoto mara ya pili. Nifanye nini?