Shemeji Anauza Safari kwa Uso wa Maiti

Admin, nifiche vizuri, maana shemeji yangu naye anafuatilia ukurasa huu na maneno yangu anayajua hata nisipoweka jina. Lakini jambo hili nimelimeza mpaka linanirudi kooni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, Mzanzibari, nina mume na watoto wawili, tunaishi flati ya kupanga Kilburn, London. Mwaka wa sita huu nafanya kazi kwa kaka wa mume wangu. Ana ofisi ndogo Kingsbury, juu ya duka la vitambaa, inayopanga safari za kutembea kwa miguu katika milima ya Himalaya, huko ndani kabisa ambako gari halifiki na ukivunjika mguu unabebwa mgongoni. Wateja wetu wengi ni Waislamu wa hapahapa London wanaochangisha sadaka. Mtu anapanda mlima, jamaa zake wanamchangia, na kwa pesa hizo kwao kinachimbwa kisima. Niliipenda kazi hii, msinione mnafiki. Mpangaji ni mimi: siku gani mnalala wapi, urefu gani, nani anabeba nini. Mlima wenyewe sijauona, lakini kwenye karatasi naujua kama jiko langu.

Huko juu kuna kanuni moja hata mtoto anaielewa, kwamba usipande haraka. Hewa ni nyepesi, mwili lazima uizoee, kwa hiyo kila baada ya siku mbili tatu mnakaa palepale siku nzima mnapumzika. Mwaka jana kundi moja lilitaka kurudi London kabla ya Ramadhani. Mwezi nao hauna ahadi, unaweza kuandama leo au kesho, basi shemeji akaniambia, "Toa zile rest days mbili. Watapumzika wakifunga." Akacheka mwenyewe.

Nikamwambia, "Shemeji, siku hizo si za kuchezea."

"Wewe umepanda mlima gani? Hata kile kilima cha Primrose Hill hujafika!"

Nikazitoa. Kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Siku ya sita mpagazi mmoja, Pasang, akaanza kutapika. Msidhani kila mpagazi kazaliwa mlimani. Huyu alikuwa mkulima wa bondeni, baba wa watoto watatu, na ugonjwa wa mwinuko hauchagui mtu. Nima, kiongozi wa msafara, alipiga simu ya setilaiti ofisini, spika imefunguliwa, nami nimekaa palepale. Akasema mtu wake anaumwa kichwa na anapepesuka, akaomba kundi zima lisimame ili wamteremshe. Shemeji akamjibu, "No, tukisimama tunakosa ndege. Mwache ateremke peke yake, he knows the way, njia anaijua." Peke yake! Mtu hawezi kusimama sawasawa, ateremke jabali peke yake! Na mimi nilikuwa na mdomo, sikuufungua. Kesho yake wachungaji walimkuta kando ya njia, ameshakufa.

Shemeji alifunga ofisi siku moja, akasema ni kudra ya Mungu. Nikadhani imemgusa. Wiki tatu baadaye naona tangazo letu jipya mtandaoni: Pasang yuleyule anatabasamu, mgongoni kabeba begi kubwa kuliko yeye, na juu yake maandishi, "Karibu kwenye familia yetu." Nilipomwomba shemeji aitoe picha ile akasema, "Picha imetoka vizuri, watu wanaipenda. Kwani yeye ataiona?" Alikuwa anakula sambusa huku ananijibu. Tangu siku ile nikimwona anakula nageuza uso.

Halafu ile ratiba iliyokatwa siku mbili ameifanya ya kudumu, kwa sababu watu wanapata likizo fupi kazini na safari fupi inawavutia. Na majuzi, kwenye kumbukumbu za ile safari ya Pasang, ameniamuru nizirudishe siku zile, ili mtu akiuliza ionekane zilikuwepo. Sijazirudisha. Kila asubuhi ananiuliza, nami namwambia kompyuta inasumbua.

Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Kaka ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyenileta nchi hii. Anayemstiri Muislamu mwenzake, Mungu humstiri. Leo wewe umwanike?" Nikamjibu kwamba mtu husitiriwa aibu yake, hasitiriwi maiti aliyemuua. Akaniambia nikilitoa neno hili nje, nisirudi ndani. Mume wangu wa miaka kumi na tano! Namtazama akinawa, anakwenda kusali nyuma ya kaka yake yuleyule.

Sasa kundi jingine la watu kumi na mmoja linaondoka Ijumaa hii kwa ratiba ileile. Mmoja wao ni Bi Zuhura, miaka hamsini na nane, mama anayetunza wazee majumbani, aliyenipikia uji siku arubaini nilipojifungua mtoto wa pili. Jumamosi nilikutana naye Edgware Road, kashika mfuko wa soksi za sufu, furaha tele. Akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mie sina imani na mtu mwengine, wewe ndo uliyepanga. Na kifua changu hichi, nende?"

Niliwaza ndoa yangu, nikawaza wanangu. Nikamwambia, "Nenda Bi Zuhura, hakuna tabu."

Akanibusu shavuni, akaniombea dua palepale barabarani. Shemeji namchukia, mume wangu simtamani tena, lakini siku hizi kinachonitia kinyaa zaidi ni huu mdomo wangu.

Nikimwambia ukweli, sina ndoa wala kazi. Nisipomwambia, Ijumaa anapanda ndege kwa neno langu mimi. Jamani, tafadhali msiniambie nisubiri. Nishaurini leo, nifanye nini?