Tulikadiria usafiri kwa kilo, China wakapima boksi: blowa imefika Shija ameshazikwa

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Huwa nasoma tu humu. Leo naandika kwa sababu kila mara naona mtu anauliza kusafirisha mzigo kutoka China ni bei gani, na anajibiwa "uliza bei ya kilo tu mkuu".

Jibu hilo limemzika shemeji yangu.

Shule niliishia la nne, mwenye kucheka mwandiko acheke. Ila haya yamenipata mimi, sijasimuliwa.

Mimi ni mchimbaji, huku mbele ya Katoro. Nilikuwa nafanya kazi na Shija, mume wa dada yangu. Duara letu, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa refu na hewa ya chini imekufa.

Huku tunapima hewa kwa mshumaa. Unaushusha kwenye kopo, ukizima hushuki. Wa kwetu haukuwa unazimika kama kwa upepo. Ulikuwa unajikunja taratibu, unakuwa wa bluu, halafu hamna. Kama kuna mtu kule chini anaubana kwa vidole.

Dawa yake ni blowa, lile feni kubwa linalosukuma hewa chini kwa bomba la turubai. Madukani bei inaua. Shija akaiona onlaini, iko China, bei nzuri. Akapata ajenti wa kusafirisha, jina lake Festo, ana ofisi Dar.

"Usafiri itakuwa kiasi gani?"

"Kilo ngapi bosi wangu? Zidisha kwa bei ya kilo, umemaliza."

Hapo ndipo kosa letu watu wa dhahabu. Sisi kila kitu ni mizani. Jiwe dogo likiwa zito ni mali, kubwa likiwa jepesi unatupa. Haikutuingia akilini kwamba kuna mahali kitu chepesi kinakuwa ghali. Feni ni bati na plastiki, bomba ni turubai. Tukapiga hesabu tukacheka. Makoye, mwenye duara, akalipia blowa, na usafiri wa ndege akaahidi kuulipia kama tulivyokadiria.

Simu ya Shija ikaanza kupokea meseji za mzigo. Umefika ghalani. Unapimwa. Kisha picha.

Boksi limesimama peke yake kwenye ghala, limempita kimo mtu aliyekuwa kando. Yule mtu kageuza uso, sura haionekani.

Shija aliikodolea macho ile picha. "Shemeji, huyu mbona kavaa shati kama langu?"

"Mashati yote si yanatoka huko huko," nikamwambia. Hakucheka.

Festo akapiga. "Bosi, mzigo mwepesi ila una umbo. Ndege inauza nafasi. Tunapima sentimita: urefu mara upana mara kimo, tunagawa kwa elfu sita. Kilo zinazotoka hapo ndizo mtakazolipia."

"Kwani humo ndani wameongeza nini?"

"Hamna kitu. Hewa tu."

"Kwa hiyo tunalipia hewa?"

"Ndiyo biashara, bosi."

Nyongeza ilizidi bei ya blowa yenyewe. Na Festo alijua tangu mwanzo, hiyo ndiyo kazi yake. Alinyamaza mpaka mzigo uingie mkononi mwake. Baadaye nimeambiwa bomba lingekunjwa na feni ikafunguliwa, boksi lingepungua sana. Hakusema.

Makoye akagoma. "Ng'wanawane, mwanangu," akamwambia Shija, "umeniletea wezi."

Badala ya kuongeza hela ya usafiri akaleta mganga kutoka upande wa Kagongwa. Mganga akasema duara lina mwenyeji na anataka kondoo mweusi. Makoye akatoa bila kuuliza bei. Mganga hakuombwa sentimita wala kilo.

Damu ikamwagwa mdomoni mwa duara, mshumaa ukashushwa.

Ukazima.

Makoye akasema ni upepo. Hata jani halikuwa linatikisika. "Mwenye kuogopa apishe," akasema, "wenye njaa Katoro wamejaa."

Shija ana watoto. Akashuka. Nikamfuata.

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Mimi nikabaki kwenye kituo cha katikati, yeye akaenda chini kabisa. Nikasikia anagonga mwamba. Halafu anacheka.

"Shemeji, unacheka nini?"

"Karibuni, sogeeni, nafasi ipo."

"Unaongea na nani wewe?"

"Mbona hukuniambia tuna wageni?"

Sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa sebuleni kwake. Kinachonitisha mpaka leo si ile sauti. Ni kwamba na mimi nilitamani kushuka. Usingizi mtamu ukanijia, nikaona huko chini ndiko kwenye watu. Sikumbuki nilivyovuta kamba ya ishara. Nilizinduka juu, natapika.

Yeye alitolewa baadaye. Alikuwa anatabasamu.

Daktari alisema mtu akikosa hewa anaona na kusikia vitu. Nimemkubalia. Ila nalala mlango wazi.

Simu ikabaki kwa dada. Hajui kusoma, kila meseji ananiletea. "Ndugu Shija, mzigo wako unakusubiri." "Ndugu Shija, umechelewa kuchukua mzigo wako." Matanga hayajaanuliwa, mtu anaitwa kwa jina. Nikasema tuizime, akakataa. Alisema anayeitwa bado yupo.

Festo akapiga, dada akapokea.

"Mwenye mzigo yupo?"

"Yuko chini."

"Akipanda mwambie alipe haraka."

Makoye alilipa mwishowe, maana hakuna aliyekubali tena kushuka. Blowa imekuja. Wapya wanashuka na mshumaa hauzimi. Mimi nikipita pale nakaza mwendo, lile bomba linahema.

Wakuu, kabla ya kuagiza, muombe muuzaji vipimo vya boksi likiwa limefungwa, siyo vya bidhaa. Piga hesabu ya uzito wa mzani na uzito wa umbo, utalipia ulio mkubwa. Wengine wanagawa kwa elfu tano, uliza. Kwa meli uliza bei ya CBM, yaani mita za ujazo za mzigo. Uliza kama ushuru umo. Akuandikie, asikwambie kwa mdomo.

Damu hii iko kwa Festo na Makoye, nawataja bila kumung'unya maneno.

Juzi imeingia meseji nyingine. "Ndugu Shija, asante kwa kutumia huduma yetu. Umeridhika? Jibu NDIYO au HAPANA."

Dada kaniambia, "Mjibie, kaka, wasimwone ana dharau."

Simu ninayo hapa. Naandika, nafuta.

Nyie mngemjibia nini?